Nguo Juu ya Chetezo

Daktari Shemsa aliinua picha dirishani,
hospitali ya Wete, Jumatatu, saa tatu asubuhi,
akamuuliza mke wangu: "Bi Mize, umevuta miaka mingapi?"
Mize akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.
"Mimi? Hata tambuu situmii, mwanangu."
Kalamu ikasimama.
Daktari akaniangalia mimi,
mfuko wa shati, pakiti inayochungulia.

Hakusema neno. Angelisema ningelijibu,
maana jibu ninalo, nimeliweka akiba miaka thelathini na mbili:
moshi wangu, kifua changu, fedha yangu.

Siku walipokuja kupigilia kibao sokoni,
MARUFUKU KUVUTA SIGARA HAPA,
mimi ndiye niliyepayuka kuliko wote.
Nikasema kesho watatuuzia na pumzi kwa kilo.
Watu wakacheka. Kombo Sijamini akanipa moto.
Nikavuta nimekiegemea kibao chenyewe,
na yule kijana wa afya, mtoto wa Hamad Shoka,
akaniambia kwa adabu zake zote:
"Mzee Faki, si wewe tunayekuhofia."
Nikadhani ametukana.

Nyumbani hapakuwa na kibao.
Palikuwa na chumba, na dirisha dogo
tulilolifunga kwa ajili ya mbu,
Mize kwenye mkeka, taa karibu na sindano,
akitoboa kofia, kitobo kwa kitobo,
mimi kitandani na redio,
na mjukuu wetu Hidaya kalala baina yetu.
Hidaya ana pumu. Tukisema ni ya kwao kina mama yake.
Mara moja tu Mize alisema: "Faki, macho."
Nikafikiri anazungumzia uzi.

Kofia moja ilirudishwa kutoka Unguja.
Mteja kasema kazi safi, mkono mwepesi,
lakini bwana harusi haingii msikitini
ananuka kama chumba cha wacheza karata.
Mize akaifua, akaianika, akaifua tena.
Wala hakuninunia.

Na mimi moshi naujua! Mpemba gani asiyeujua?
Kila usiku wa kuamkia Idi
Mize hutandaza kanzu yangu juu ya tenga,
chini yake chetezo, kaa la moto, kipande cha udi,
na wiki nzima watu hunipa mkono wakinusa.
Nilijua kitambaa hunywa moshi.
Nilijua hakiulizwi kama kina kiu.
Nilijua mlango ukifungwa ndiyo hukolea,
ndiyo maana tukiufunga.
Miaka thelathini na mbili,
mimi chetezo, yeye nguo.

Ile picha ilikuwa nyeusi, ina vidoadoa vyeupe.
Mize aliikodolea macho kwa muda,
akasema kwa sauti ya fundi:
"Huyu aliyetoboa hakupima."

Sasa navutia nje, ng'ambo ya mtaro,
hata masika yakinyesha.
Usiku wa kwanza akaniita: "Nani kakufukuza?"
"Sheria," nikasema.
"Sheria ya sokoni imefika huku?"
Nikasikia komeo. Dirisha likafunguka,
mbu na waingie.

Daktari anasema hata hivyo haitoshi,
kwamba narudi nao ndani ya shati, ndani ya ndevu,
Hidaya akinirukia shingoni anaupata wa kwake.
Sikumwambia Mize hilo. Nadhani analijua.

Pakiti ina tatu.
Nimesimama na kiberiti mkononi, mtaro mbele yangu,
taa yake inaonekana.
Ndani, Mize anavuta uzi.
Anasita.
Anavuta pumzi.
Nangoja uzi.